Mwigizaji Hodari, Hadithi Legelege: Mwongozo kwa Anayetengeneza Filamu ya Mapenzi Mtwara

Kwenye vibanda vya video vya Mtwara, kuanzia Magomeni hadi Chikongola, filamu ya mapenzi husifiwa kwa namna moja: "Yule dada anajua kuigiza!" Ni nadra kumsikia mtu akitoka nje anasema hadithi imeandikwa vizuri. Mtazamaji hana hatia. Uso wa mwigizaji anauona, mkono wa mwandishi hauoni. Ila wewe uliyekusanya wenzako mkachanga pesa ya kukodi kamera, mkitaka kutengeneza filamu yenu, iwe fupi ya kuweka YouTube au ndefu ya kuuzia kituo cha televisheni, lazima ujue kuvitenganisha vitu hivi viwili. Usipojua, utamaliza bajeti kwa kumleta steringi kutoka Dar es Salaam, utamfikisha Msimbati kwenye mchanga mweupe, utawasha kamera, halafu utamkuta hana la kufanya ila kulia na kucheka.

Filamu ya mapenzi inayochekesha na kuliza kwa pamoja huficha udhaifu wake kuliko aina nyingine zote. Tukishawapenda wale wawili, tunasamehe. Simu inazimika dakika ileile inayohitajika, tunasamehe. Barua inaangukia mikononi mwa mtu asiyehusika, tunasamehe. Tajiri katili anageuka mwema usiku mmoja, tunasamehe pia, kwa sababu binti ana macho yanayotufanya tutake afurahi. Msamaha huo ni mtaji wa mwigizaji, na mwandishi mvivu huukopa asirudishe. Filamu iliyotengenezwa kwa mkopo wa namna hiyo hutazamwa mara moja, ikasifiwa jioni ile, na wiki ya pili hakuna anayekumbuka ilihusu nini.

Anza na filamu unayoipenda

Usijifunze kwa filamu mbaya, maana hiyo hata mtoto anaijua. Chukua ile uliyoirudia mpaka unajua maneno kabla hayajasemwa. Kwa watu wengi wa pwani yetu itakuwa ya Kihindi, nami nitachukua Kuch Kuch Hota Hai ya mwaka 1998, iliyoandikwa na kuongozwa na Karan Johar. Naipenda, na ndiyo sababu nimeichagua. Waigizaji wake wanne, Shah Rukh Khan, Kajol, Rani Mukerji na Salman Khan, walizoa tuzo zote nne za Filmfare za uigizaji, za wahusika wakuu na za wasaidizi.

Jaribio la kwanza: isimulie hadithi yake kama unavyosimulia habari za majirani, bila jina la mwigizaji na bila nyimbo. Kijana wa chuo ana rafiki wa kike anayempenda kimoyomoyo. Yeye hajui, anampenda binti wa mkuu wa chuo, anamwoa. Mke anafariki baada ya kujifungua, lakini kabla ya kukata roho ameshamwandikia mwanawe barua nane, moja kwa kila siku ya kuzaliwa. Barua ya nane inamwagiza mtoto akamtafute yule rafiki wa zamani, amrudishe kwa baba yake. Mtoto anamkuta kwenye kambi ya likizo, kumbe rafiki huyo tayari ameshaposwa. Siku ya harusi bwana harusi anayaona machozi ya mchumba wake, anaelewa, anamwachia mwenzake.

Msimulie hivyo shangazi yako ambaye hajaiona, uone. Ataanza kuuliza. Kwa nini marehemu amngoje mtoto afike miaka minane ndipo amwokoe mumewe na upweke? Kwa nini asimwambie mumewe mwenyewe, mtu mzima mwenye akili zake? Na huyo bwana harusi aliyevumilia muda wote huo, kosa lake nini hasa, mpaka atangaze mbele ya wageni kwamba amemwachia mwingine?

Wewe maswali hayo hukuuliza. Aliyekunyamazisha ni Kajol, yule rafiki, kwa namna anavyoukaza uso wake asilie halafu uso ukamsaliti. Aliyekunyamazisha pale mwisho ni Salman Khan, yule bwana harusi, anayebeba uamuzi mzito ambao hadithi haikumpa sababu ya kutosha ya kuufikia. Hapo ndipo mwigizaji anapofanya kazi mbili, yake na ya mwandishi.

Lakini usikimbilie kuilaumu yote. Kuna sehemu mwandishi naye amefanya kazi yake, na ni vizuri uione kwa karibu. Chuoni Anjali, yule rafiki, anacheza mpira wa kikapu na Rahul, yule kijana, na humshinda huku akimtania. Miaka inapita. Kambini wanacheza tena mchezo uleule, safari hii yeye amevaa sari. Hakuna anayesema "tumebadilika." Hakuna anayesema "bado nakupenda." Mpira ni uleule, watu ni walewale, na sisi tunaona kila kilichopotea na kila kilichobaki. Kajol anang'ara pale kwa sababu amepewa kitu cha kufanya, kitu ambacho mwandishi alikiweka mapema akakihifadhi mpaka siku yake ifike. Mpe mwigizaji wa kawaida sini kama ile, naye atapendeza. Linganisha na sini ya harusi, ambayo ukimwondoa mwigizaji hodari inaporomoka yote.

Ukishaweza kuziona tofauti hizo mbili ndani ya filamu moja, umeanza kufaa kuandika.

Jaribio la pili ni la masikio. Weka filamu, geuza uso ukutani, usikilize tu. Ikiwa baada ya robo saa huwezi kusema nani anataka nini na nani anamzuia, hadithi ni dhaifu hata kama picha ni nzuri kiasi gani. Watanzania wa umri fulani hawahitaji kuelezwa hili, maana walikulia kwenye michezo ya redio. Twende na Wakati ilianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, hakuwa na uso wala misuli wala miwani ya jua. Mkewe Tunu hakuwa na kope za bandia. Watu walimjadili Mkwaju sokoni na kwenye daladala, wakamkasirikia kama shemeji yao, na wakamshangilia Tunu alipoamua kujitegemea. Waigizaji walikuwa na sauti tu, na sauti ilitosha kwa sababu kila kipindi kilijua kinakwenda wapi.

Jaribio la tatu ni fupi. Chukua sini mbili za filamu, uzibadilishe nafasi kichwani. Ikiwa ya saba inaweza kukaa mahali pa ya tatu na hakuna kitu kinachoharibika, mwandishi alikuwa anapanga picha, hakuwa anasimulia. Wapenzi wanakula chipsi, wapenzi wanatembea ufukweni, wapenzi wanagombana, wapenzi wanapatana: panga upendavyo, yote sawa.

Vipaji vilivyotoka jukwaani

Inafaa ujue kwa nini kwetu uigizaji umeutangulia muswada, ili usidhani ni laana. Waigizaji wa kwanza wa Bongo muvi hawakutoka darasani. Walitoka kwenye vikundi kama Kaole, vilivyofanya michezo ya televisheni, na nyuma yao kuna vichekesho vya jukwaani vya vikundi kama Muungano na TOT, ambako mchezo ulikubaliwa kwa mdomo na maneno yakazaliwa mbele ya watazamaji. King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alitoka huko. Mtu aliyekomaa kwa namna hiyo anajua kungoja kicheko kiishe, anajua kumsoma mwenzake, na hagandi mwenzake akisahau. Ni ujuzi mkubwa, na shule nyingi za uigizaji zinautafuta kwa taabu.

Huku Kusini tuna wetu wa zamani zaidi. Mtazame mcheza mapiko kwenye ngoma ya Wamakonde, au kwenye tamasha la MaKuYa linalowakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao. Kichwa kimefunikwa na kinyago, mwili umefungwa nguo, huoni hata jicho. Bado unajua huyu ni mzee mwenye kiburi, huyu ni mgonjwa, huyu anajifanya mzungu. Mabega na miguu ndiyo inayosema. Kijana aliyekulia kwenye uwanja wa aina hiyo hafundishwi kuigiza kwa mwili. Anahitaji tu mtu wa kumwandikia kitu kinachoustahili mwili huo.

Kalamu ilipoachwa nyuma, biashara ilichangia. Baada ya Girlfriend ya George Tyson mwaka 2003, filamu za Kiswahili zilianza kuuzwa kwa wingi, kwanza kwa kanda, kisha kwa sidii, na soko likazoea kuuza hadithi moja vipande viwili: sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Hadithi ya saa moja na nusu ikavutwa ifike saa tatu. Ndiyo maana unakumbuka zile sini ndefu: gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi sebuleni, anakaa, anaagiza juisi, na juisi inaletwa. Waigizaji wa kizazi kile walibeba mzigo usio wao. Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu, alikuwa na mvuto ambao ungejaza skrini ya nchi yoyote. Mtazame katika Uncle JJ anavyocheza na watoto, alivyo mwepesi na anavyowaachia nafasi. Huwa najiuliza angefika wapi kama kila hadithi aliyopewa ingekuwa na uzito sawa na wake.

Sheria yenyewe inauheshimu muswada kuliko sisi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka anayeomba kibali cha kupiga picha aambatanishe maelezo ya sini na maneno yatakayosemwa. Usiuandike muswada kwa ajili ya kibali. Uandike, halafu uutumie kwa kibali.

Hadithi isiyoweza kuhamishiwa Masaki

Sasa tuandike. Kosa la kwanza la filamu inayopigwa Mtwara ni kuifanya Mtwara ukuta wa nyuma wa picha: minazi, bahari, boma la Mikindani, basi. Wapenzi wale wangeweza kuwa Masaki au Mombasa na hakuna neno lingebadilika. Tafuta kinachowazuia hapa na si kwingine.

Kiko tele. Msimu wa korosho una saa yake: mavuno, ghala, mnada, malipo. Mahari nyingi na harusi nyingi zinangoja pesa hiyo. Tangu serikali ilipoelekeza korosho za Kusini zisafirishwe kupitia Bandari ya Mtwara, msimu ukifika mji unajaa malori, madereva, matingo na vibarua, na meli inayopakia ina siku yake ya kung'oa nanga. Kivuko cha Msangamkuu kina safari yake ya mwisho, na aliyechelewa amechelewa. Mwandishi anayetafuta kitu cha kuwaharakisha wapenzi hana haja ya kubuni ajali ya gari.

Kisha ukoo. Katika filamu zetu anayekataa ndoa karibu kila mara ni baba, amekaa kwenye kochi la ngozi. Lakini Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ni watu wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno zito katika ndoa ya mpwa wake. Mpe mjomba nafasi yake na mara moja hadithi inanukia kwenu.

Tuseme Somoe ni karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi, AMCOS. Saidi ni kijana anayeleta korosho za mama yake. Wanapendana na posa imeshapelekwa. Mjomba wa Somoe hajatoa jibu. Mwandishi mvivu atawapeleka Msimbati jua linazama:

"Somoe, nakupenda kuliko maisha yangu."
"Hata mimi, Saidi. Ila naogopa mjomba atakataa."
"Usijali mpenzi. Penzi letu litashinda."

Mpe sini hii mwigizaji bora nchini, atakulilia machozi ya kweli. Watazamaji watasema ameigiza. Lakini hakuna kilichotokea. Walikuja wakipendana na kuogopa, wameondoka wakipendana na kuogopa.

Sasa waweke ghalani. Ni asubuhi, foleni ndefu, jua limeshaanza kuchoma. Mjomba yuko mbele na magunia yake, Saidi yuko nyuma yake, na Somoe ndiye mwenye kipima unyevu. Korosho za mjomba hazijakauka.

"Shikamoo, mjomba."
"Marahaba, mwanangu. Pima upesi, watu wanangoja."
"Hizi zirudi juani, mjomba."
"Zirudi? Nani aliyekulipia ada mpaka kidato cha nne?"
"Wewe, mjomba. Na hesabu ulizonilipia ndizo zinazosema zirudi."
Kimya. Foleni nzima inatazama chini. Saidi anasogea hatua moja.
"Mjomba, mimi nyumbani nina turubai kubwa. Tukizianika leo..."
"Wewe! Mjomba wako nani hapa?"

Angalia ulichowapa waigizaji wako. Somoe lazima achague kati ya kazi yake na mtu mwenye ufunguo wa ndoa yake, na lazima achague kwa heshima, mbele za watu. Mjomba ameaibika na bado ana haki ya kujivunia mpwa aliyemsomesha. Mwigizaji mwenye akili atacheza hasira na fahari kwa pamoja. Saidi amejikwaa kwa neno moja, maana amejiita mpwa kabla ya kukubaliwa. Watu watacheka pale, na kicheko chao kitakuwa na hofu ndani yake, ndicho kicheko cha filamu ya aina hii. Zaidi ya yote, sini hii inaizaa nyingine: siku tatu mjomba na Saidi watakaa kwenye turubai moja, wakigeuza korosho na kufukuza kuku, hawana pa kukwepana. Huwezi kuzibadilisha nafasi. Ya turubai haiwezi kuja kabla ya ya mizani.

Ukitaka kuchekesha, chekesha kwa namna hiyo, kwa hali ya watu. Achana na mlinzi Mmakonde anayetamka maneno ovyo ili watu wa mjini wacheke. Miaka mingi watu wa Kusini wameingizwa kwenye vichekesho kama mdomo usiojua Kiswahili, na inauma zaidi mzaha huo ukirudiwa na watu wa Mtwara wenyewe. Lafudhi ya mama wa Newala ni muziki wa nyumbani. Mwache aseme jambo la maana kwa lafudhi hiyohiyo.

Neno moja kwa watakaopata mdhamini. Shirika litakuja na ujumbe wake, wa afya, wa mikoko, wa uvuvi wa baruti kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Upokee, lakini usiuweke mdomoni mwa daktari anayehutubia dakika nne. Chumo ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Jordan Riber na kuigizwa na Jokate Mwegelo, Yusuph Mlela na Sharo Milionea, ilibeba ujumbe wa malaria kwa wajawazito ndani ya mapenzi ya kijiji cha wavuvi. Ujumbe ukikaa kwenye tumbo la uzazi la binti tunayemtakia mema, tunausikia bila kuhubiriwa.

Mpe muswada mtu asiyejua kuigiza

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakigharimu chochote zaidi ya chai. Muswada ukikamilika, usiwape kwanza waigizaji wako. Wakusanye watu wa kawaida barazani, fundi cherehani, mwalimu wa hesabu, mama lishe, kijana wa bodaboda, ugawe nafasi, nao wasome kwa sauti kavu kama wanavyosoma tangazo. Waalike wengine wachache wakae wasikilize. Wewe kaa pembeni na kalamu, usiwatazame wasomaji, watazame wasikilizaji.

Wakicheka mahali ulipotaka wacheke, ingawa msomaji amesoma kama roboti, sini hiyo imesimama. Mtu akiacha kuchezea simu yake, weka alama. Ukisikia mtu anauliza "kwani huyu si alikuwa amesafiri?" umepata tundu bila kulilipia. Na pale ambapo hakuna anayecheka wala kunyamaza, ambapo wewe moyoni unajisemea "hapa mwigizaji ataiokoa," hapohapo pana ugonjwa. Rudi ukaandike upya. Usimtume mwigizaji akakuokoe.

Ukishasahihisha, ndipo uwape waigizaji, na sasa usiwafunge midomo. Katika Pretty Woman ya mwaka 1990 kuna sini ambayo Richard Gere anamwonyesha Julia Roberts mkufu kwenye kisanduku. Anaponyoosha mkono, Gere anakifunga ghafla, naye anaangua kicheko. Kufunga kule hakukuwa kwenye muswada, na kicheko ni cha kweli. Wengi wanaikumbuka kama ushindi wa waigizaji, na ni kweli. Lakini kisanduku, mkufu, gauni na usiku wenyewe wa kwenda opera, yote yaliandikwa. Walikuwa na kitu mikononi cha kuchezea.

Kwetu, ambako waigizaji ni mabingwa wa kubuni papo kwa papo, jambo hili linaweza kuwa njia kamili ya kazi. Wape sini iliyoandikwa, waambie kila mhusika anataka nini na nini kitatokea mwishoni, waache waicheze kwa maneno yao huku simu inarekodi. Usiku sikiliza, okota maneno matamu, yaingize kwenye muswada, tupa yaliyozidi. Asubuhi mnapiga picha kutoka kwenye karatasi mpya. Lile jibu la Somoe kuhusu hesabu linaweza kutoka kwa dada aliyesoma Naliendele na hajawahi kuandika sentensi ya filamu maishani mwake. Mwandike jina lake kwenye orodha ya waandishi na umlipe.

Kama huna hadithi yako, kopa kwa adabu. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ilitokana na riwaya ya Adam Shafi, na unaona jinsi waigizaji vijana wanavyotulia wanapokuwa na kitabu kizito nyuma yao. Mkoa jirani wa Lindi ulimzaa Ebrahim Hussein, mwandishi wa Kinjeketile na Arusi. Soma tamthilia zake uone anavyomfanya mhusika aseme jambo moja huku anaficha lingine. Ukitaka kutumia kazi ya mtu, omba ruhusa kwa maandishi, na yako uisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp.

Kuhusu kamera, taa na nguo sina mengi ya kusema. Kuna wanaojua kuliko mimi. Kipaza sauti kizuri kinunuliwe kabla ya lenzi, basi. Upepo wa Shangani ukiingia kwenye sauti, mazungumzo yote tuliyoyahangaikia yamepotea.

Kama mmeshapiga picha

Huenda unasoma haya filamu ikiwa tayari iko kwenye kompyuta, na ndio unaanza kuona kwamba yule dada anabeba kila kitu peke yake. Si yote yamepotea. Kata kwanza sini zote ambazo watu wanafika mahali au wanaondoka mahali; anza pale wanapokuwa wameshakaa na mmoja ameshakasirika. Kata kila mstari ambao mwigizaji anasema alichokwisha kukionyesha usoni. Kama analia, asiseme ameumia. Utashangaa jinsi filamu inavyosimama wima ukishaondoa maneno, kwa sababu mwigizaji wako alikuwa anafanya kazi ile kimyakimya na muswada ulikuwa unamkatiza. Punguza muziki pia. Kinanda chini ya kila sini huonyesha kwamba mhariri haamini alichokiona. Usijaribiwe kuweka sauti ya msimulizi izibe matundu, maana itaelezea yale yaliyopaswa kutokea.

Kisha mwonyeshe mtu mmoja ambaye hawajui waigizaji wako, umwombe akusimulie alichokiona. Swali la kwanza atakaloshindwa kulijibu ndilo linalohitaji sini mpya. Piga hiyo moja tu: siku moja, watu wawili, mahali ambapo mmeshapata kibali, na kitu kimoja mikononi mwao cha kugombania. Kama hata hiyo hammudu, ifupisheni filamu ibaki dakika zile zenye uhai, hata zikiwa kumi na tano, mziuze kama filamu fupi. Halafu anzeni kuandika nyingine mapema, kabla minada ya Oktoba haijafunguliwa, wakati makarani wa AMCOS bado wana nafasi ya kukaa nanyi na kuwaeleza jinsi mzozo kwenye mizani unavyoanza na nani kwa kawaida huumaliza.